Pezi la Chuma cha Plau

Watu wa kwetu wakisikia nafanya kazi Lamadi huuliza kwanza kama nauza dagaa. Nikiwajibu kwamba nafua mashuka kwenye kambi ya wageni huridhika, maana kufua ni jambo wanalolijua. Nikianza kueleza kwamba pale ziwani kuna mbao ambazo mtu husimama juu yake akapiga kasia, na kwamba chini ya mkia wa kila ubao kuna pezi, na kwamba pezi moja ndilo lililoninyima kazi niliyoitaka, wananitazama kama mtu aliyepandwa na homa. Basi nimeacha kueleza. Naandika.

Mbao zenyewe zilikuwa mbili. Mwenye kambi alizileta kwa ajili ya wageni wanaotoka Serengeti wakiwa wamechoshwa na vumbi na simba. Kila ubao ni mrefu kupita mtu na upana wake ni kama wa mlango, ndani povu gumu, nje gamba la plastiki. Chini, karibu na mkia, kuna mfereji mwembamba wa kuchomeka pezi na kulibana kwa skrubu. Pezi la ubao wa pili lilivunjika mapema kwa sababu mlinzi aliukokota juu ya mawe kama anayekokota mzoga. Tuliambiwa pezi jipya limeagizwa nje. Kwa lugha ya kambini hiyo ina maana ya kwamba sahau.

Ubao usio na pezi haukutakiwa na mgeni yeyote, kwa hiyo hakuna aliyenikataza kuuchukua. Mchana wageni wakiwa wameondoka na mashuka yakiwa kwenye kamba, nilikuwa nautia majini. Najua kuogelea, nilijifunza hapo hapo Lamadi ukubwani, tena kwa ubishi. Kichocho nilikijua, viboko niliwajua wanakolala. Nilikwenda hivyo hivyo.

Ubao usio na pezi hauna adabu. Ukipiga kasia upande wa kulia unageuka kushoto hadi unatazama ulikotoka. Ukipiga kushoto unageuka tena. Unazunguka pale pale kama ndama aliyefungwa kwenye kigingi, wala husogei, mwisho unaanguka. Wapishi walitoka jikoni kunicheka, wakashika mbavu. Lakini kwa kuanguka kule nilijifunza jambo ambalo wale walioanza na pezi hawakulijua, kwamba mkia wa ubao siku zote unataka kukimbilia pembeni, na kazi ya pezi ni kuukatalia.

Nikaanza kutengeneza mapezi. La kwanza nililikata kwenye dumu la mafuta ya kula. Maji yakiwa yametulia lilinipeleka vizuri, ila nilipokanyaga kwa nguvu ili nigeuke, lilijikunja. Nilisikia unyayoni mkia ukiteleza polepole, halafu pezi likanyooka ghafla na kunirusha. La pili lilikuwa la kipande cha ubao wa kreti. Hilo halikujikunja, lakini kingo zake zilikuwa nene, na nikienda kasi kidogo lilivuma chini ya miguu mpaka magoti yakaingia ganzi. Nikaelewa kwamba maji yanataka kupokelewa na ukingo wa mbele ulio mviringo, kisha yaachiwe na ukingo wa nyuma ulio mwembamba. Samaki wote wa ziwa hili wameumbwa hivyo, na mimi nilikuwa nawapaa magamba kila wiki bila kuwatazama.

La tatu ndilo lililokuwa pezi. Jikoni walitupa ubao wa plastiki wa kukatia nyama, ule mweupe mnene, kwa kuwa visu vilikuwa vimeuchimba. Niliuokota jalalani. Niliuchonga kwa msumeno wa chuma, nikausugua kwa msasa jioni baada ya jioni. Urefu wake ulizidi shubiri kidogo tu. Nililichonga pezi lilale kuelekea nyuma, kwa sababu ziwa letu lina magugu, na pezi lililosimama wima huyazoa yote, lakini lililolala huyaacha yateleze. Lilikuwa gumu kwenye shina na lenye kunepa kidogo kwenye ncha.

Siku nilipolifunga, nilijua kabla sijafika mbali. Ubao ulikwenda mbele kwa kila kasia bila kubishana nami. Niliposogeza mguu wa nyuma hadi mkiani na kukanyaga, pua iliinuka, mkia ukazama, na ubao ukageuka chini yangu kama uliokuwa unangoja kuambiwa. Na mle kwenye kugeuka, ile ncha ilinepa kisha ikanisukuma nje ya kona, polepole, kama mkono mgongoni. Nilipiga kelele peke yangu ziwani. Sijawahi kufurahi vile tena, na kwa jinsi mambo yalivyokwenda sitegemei.

Meneja aliniona kutoka barazani. Alikuwa mama mmoja wa Arusha, mwenye haraka na asiyependa maneno. Aliniita akaniambia kwamba wageni wanazidi, na kambi inataka mtu mmoja wa kuwaongoza kwenye mbao, mtu ambaye kazi yake itakuwa hiyo tu.

“Mko wawili mnaoweza,” alisema. “Wewe na yule wa baa. Siku ya mwisho wa mwezi mtazunguka lile pipa la bluu linaloelea kule mbele na kurudi. Atakayefanya vizuri, kazi ni yake.”

“Na pezi, madam?”

“Yeye atatumia ubao mzima. Wewe utatumia huo unaoutumia. Si unaendelea nao vizuri?”

Nilikuwa naendelea nao vizuri sana. Yule wa baa, kijana wa Magu, alikuwa mpole na mwenye nguvu, ila kwenye ubao alisimama kama mtu aliye juu ya paa. Nilimzidi, naye alijua. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Niliitaka ili nitoke kwenye beseni la mashuka, na niliitaka kwa sababu mle majini hapakuwa na mtu wa kuniambia nikae vipi.

Kosa lilikuwa kwenda nyumbani Nkoma kusema. Lakini nisingesema, habari ingepanda basi peke yake na kufika ikiwa na pembe. Baba yangu ni fundi wa plau. Kutoka kwetu hadi Lagangabilili wakulima wanamletea plau zilizopinda, naye anazinyoosha hadi zinaandika mtaro ulionyooka kama uzi. Kwa ufundi huo sina neno. Ni mtu wa mila za zamani. Mama alikwenda kanisani na sisi, yeye alibaki na ng'ombe wake na wazee wake waliokufa.

Nilipomwambia habari ya kazi, alikataa kabla sijamaliza. Binti yake kusimama juu ya maji mbele ya Wazungu, amevaa nini? Baadaye, wakati nampa maji ya kunawa, aliuliza bila kunitazama, “Na hicho kinachoshika chini, umesema kinaitwaje?”

Hapo ndipo nilipoona mlango. Nikamweleza kwa plau, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha pekee ambayo kwayo baba amewahi kunisikiliza. Nilimwambia unajua kile kipande cha chuma cha pembeni, kinachotelezea ukutani mwa mtaro na kuizuia plau isiyumbe? Pezi ni hicho. Macho yake yakawaka. Aliuliza maswali hadi chakula kikapoa. Nilimtolea lile pezi la dumu ambalo nilikuwa nalo kwenye mfuko, akalipima shina kwa kamba, akalikunja kwa vidole, akacheka kwa dharau.

“Hiki ni kitu cha mtoto. Plau isiyozama haitengenezi shamba.”

“Baba, kwenye maji halitakiwi kuzama sana. Plau ukifika mwisho wa mtaro unainyanyua, unageuza ng'ombe, unaichomeka upya. Majini hakuna wa kuinyanyua.”

“Nimelima kabla hujazaliwa,” alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Lakini hakusema tena kwamba nisiende. Nilirudi Lamadi nikiwa mjinga mwenye furaha. Nilidhani nimepata ruhusa bure.

Siku ya kujaribiwa baba alikuja. Alishuka kwenye basi la asubuhi la Bariadi amevaa koti lake la misiba na harusi, mkononi fimbo, kwapani kitu kilichofungwa kwenye kipande cha gunia la pamba. Nilipiga magoti mchangani nikamsalimia kwa Kisukuma, “Mwangaluka baba,” naye akaitikia, “Mwangaluka mayu.” Mayu ni mama. Wazee wetu huwaita mabinti hivyo wakiwa radhi nao. Baba alikuwa hajaniita hivyo tangu nilipovunja ungo.

Akafungua gunia. Ndani mlikuwa na pezi la chuma, lililokatwa kwenye bapa la plau kuukuu na kufuliwa hadi likang'aa. Lilikuwa na urefu wa shubiri mbili na zaidi, limesimama wima, bapa pande zote. Shina lake lilikuwa limechongwa kwa kipimo kiasi kwamba lingeingia kwenye mfereji wa ubao bila hata kugongwa. Wafanyakazi walilizunguka. Mpishi mkuu alisema hajaona kazi nzuri kama ile, na kweli ilikuwa nzuri. Ilikuwa plau nzuri sana.

Pezi langu jeupe lilikuwa tayari limefungwa kwenye ubao. Nilifungua mdomo.

“Baba, hili ni zito. Na refu. Ubao hautageuka.”

“Utakwenda umenyooka,” alisema. “Watu wanashindwa kwa kuyumba, hawashindwi kwa kunyooka.”

Kisha akafanya jambo ambalo lilinifunga mikono na miguu. Alijaza maji mdomoni, akayatema kama umande juu ya chuma kile, akawataja baba yake na babu yake kwa sauti, akawaambia huyu ni mtoto wenu, mtangulieni. Anayetoka nje ya kwetu ataona ni mzee kanyunyiza maji. Sisi tunajua kwamba kilichotemewa hivyo hakikataliwi. Ukikiweka kando umemkataa aliyekubariki, na walio chini ya ardhi wamesikia. Mimi ni mtu wa kanisa, na bado mgongo ulinisisimka. Alichukua bisibisi mwenyewe, akalitoa pezi langu, akalitupa kwenye mchanga, akafunga lake.

Kijana wa Magu aliniangalia. Alikuwa anajua tofauti, maana alikuwa amenitazama wiki zote zile. “Dada,” alisema kwa sauti ndogo, “una uhakika?” Nikamwambia aangalie ubao wake.

Ilinibidi nitembee na ubao hadi maji yakanifika kiunoni, kwa sababu pezi liligusa chini. Nilipopanda tu nilisikia mkia umelala, umevutwa na chuma. Tukaanza. Na hapa niseme kweli, kwa mstari ulionyooka hakuna pezi la dukani lingelifikia lile. Nilipiga kasia upande mmoja tu na ubao haukuyumba hata kidogo. Kijana wa Magu alibaki nyuma, akibadilisha kasia kulia na kushoto. Nilimsikia baba ufukweni akipiga mayowe ya furaha, yale ya kushangilia ng'ombe wanaovuta vizuri, na kwa muda ule mfupi na mimi nilitaka kuamini.

Kisha nikafika kwenye pipa. Nilirudisha mguu nyuma, nikakanyaga mkia kama siku zote. Pua iliinuka, ila mkia haukuzunguka. Lile bapa lilikuwa limeshika maji kama mlango uliofungwa kwa ndani. Nilikanyaga tena. Nikapiga kasia kwa upana hadi bega likalia. Ubao uliendelea kwenda mbele, umenyooka, kama ulivyobarikiwa. Chini ya nyayo zangu pezi lilikuwa linavuma kwa kingo zake nene, na mvumo ule nauhisi hadi leo nikisimama kwenye gari linalotetemeka.

Hatimaye uligeuka, kwa duara kubwa kama la gari la ng'ombe, na duara lile likaniingiza kwenye magugu. Pezi lililosimama wima lilifanya kazi yake. Lilizoa. Nilibaki navuta shamba zima la magugu nyuma yangu, huku kijana wa Magu akilizunguka pipa kwa kona ya kawaida tu, isiyo na uzuri wowote, akarudi. Niliyang'oa magugu kwa mkono nikiwa nimepiga magoti juu ya ubao. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza kuleta mawimbi madogo. Nilisema angalau nirudi na wimbi moja, nimalize kwa heshima. Wimbi lilinibeba vizuri hadi karibu na nchi kavu, na pale pezi likachoma mchanga. Ubao ulisimama, mimi nikaendelea. Nilianguka kifudifudi kwenye maji ya magotini, mbele ya meneja, wapishi, mlinzi na baba yangu.

Hakuna aliyecheka safari hii. Meneja alikuja taratibu akauliza kuna nini, maana alikuwa ameniona siku nyingine. Nilikuwa bado natema maji. Baba ndiye aliyejibu.

“Mkono,” alisema, na akaushika mkono wangu juu, akauonyesha kama mtu anayeonyesha mguu wa ng'ombe mnadani. “Chombo kizuri, umeona kilivyokwenda. Lakini kukigeuza kunataka mkono wa mwanamume. Huyu ni mtoto wa kike tu, mama. Usimlaumu.”

Meneja alinitazama akingoja niseme neno. Maneno nilikuwa nayo yote. Shubiri mbili, wima, bapa, kingo nene. Ningeweza kumpeleka mkono kwa mkono hadi kwenye pezi langu jeupe lililokuwa mchangani na kumwambia nipe nafasi moja. Lakini mate ya baraka yalikuwa hayajakauka kwenye kile chuma, na mzee alikuwa amesimama pale na koti lake la harusi, ametoka mbali kwa basi. Nikatazama chini. Meneja akaitikia kwa kichwa, kazi ikaenda Magu. Baba alilifungua pezi lake kwa uangalifu, akalifuta kwa pindo la shati, akalirudisha kwenye gunia.

Yaliyofuata ni ya kucheka, kama una moyo wa kucheka. Baada ya muda pezi la ubao mzima nalo likavunjika kwenye mawe. Meneja akanijia kwenye kamba za mashuka kuuliza lile jeupe liko wapi. Nilisema ni langu. Akanikumbusha, bila ubaya wowote, kwamba ule ubao wa kukatia nyama ulikuwa mali ya kambi. Nikampa. Sasa kijana wa Magu anawaongoza wageni juu ya pezi langu, na nimesikia kwa masikio yangu Mzungu mmoja akilisifu jinsi linavyomsukuma nje ya kona. Kijana alinionyesha kwa kidole. Nilikuwa nimejaza pini za nguo mdomoni.

Nilikuwa nikijifariji kwamba baba hakuelewa. Fundi wa nchi kavu, ya majini angeyajulia wapi? Alikosea kwa kupenda, nilijiambia, na damu nzito kuliko maji. Kwa faraja hiyo niliweza kula naye sahani moja.

Msimu huu wa pamba nilikwenda kusaidia. Tulikuwa tumekaa uani tunachambua, pamba safi huku na fifi, ile yenye madoa, huku. Mama, baba, majirani kadhaa, na mdogo wangu wa kike ambaye amemaliza darasa la saba. Mdogo wangu huyo ana miguu mirefu, na haogopi kitu. Akasema, bila kumlenga mtu, kwamba angependa kuja Lamadi nimfundishe ubao. Baba akajibu kabla sijapumua.

“Mwenzako alikwenda. Chombo nilimtengenezea mimi mwenyewe, hakikuwa na kasoro. Mkono ukakataa. Maji si ya watoto wa kike.”

Majirani wakaguna kukubali. Mdogo wangu hakuwasikiliza, alinigeukia mimi.

“Dada, kweli ilikuwa mkono?”

Nikamtazama baba. Alikuwa ameshika kitumba cha pamba, na vidole vyake vilikuwa vimesimama. Mzee ambaye akichambua hasimami hata nyuki akimuuma. Hakuniangalia. Aliangalia pamba, akangoja, na shingo yake ilikuwa imekaza kama ya mtu anayesubiri kupigwa. Nikajua kwamba anajua. Alijua tangu siku ile ufukweni, pengine tangu pale kwenye pipa, maana mtu aliyetumia maisha yake yote kutazama plau zikishika na kuachia hawezi kutazama chuma kile kikikataa kugeuka na asijue kosa liko wapi. Alijua alipoushika mkono wangu na kuuinua.

Kwetu binti hamvui baba yake nguo mbele ya majirani. Nilimchukia pale uani kwa chuki ambayo sikujua ninayo, na bado ninayo. Mama alikohoa. Kila mtu alikuwa ananingoja mimi.

“Ilikuwa mkono,” nilisema.

Vidole vya baba vikaanza tena kuchambua. Mdogo wangu akainamisha kichwa, akavuta rundo la fifi karibu yake, na habari ya Lamadi hajaitaja tena.